Glavu za upasuaji zisianikwe juani

Daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alipoagiza glavu za mpira mwishoni mwa karne ya 19, alikusudia kumwokoa muuguzi Caroline Hampton, aliyechubuliwa mikono na dawa ya kuulia viini. (Mwaka 1890 wakaoana!) Lakini kinga hiyo ni dhaifu. Mpira huharibiwa na jua na joto. Glavu iliyorundikwa dirishani yaweza kupasuka kidoleni mvaaji asitambue, na damu ikapenya.

Walimu wa wauguzi wasiishie kufundisha namna ya kuzivaa. Wafundishe kuzihifadhi kabatini pakavu, pasipo jua. Zinazokaribia kuisha muda zitangulie kutolewa, na pakiti iliyolowa au kutoboka itupwe, hata ikiwa ya mwisho. Hayo nayo yatahiniwe.