Wiski ya Wajapani na chang'aa yetu

Juzi mwanafunzi mmoja hapa Nakuru aliniuliza swali lililonifunga kinywa. Kwa nini wiski ya Wajapani husifiwa kote ulimwenguni, ilhali chang'aa ya mamake humletea askari mlangoni? Mwalimu aliyekuwa karibu alimkemea. Mimi naona swali hilo lilistahili jibu.

Wiski ni kinywaji cha nafaka. Shayiri huoteshwa ikawa kimea, huchachushwa, kisha huchemshwa ili mvuke wa kileo unaswe na kupozwa. Hadi hapo, mpishi wa chang'aa aijua kazi hiyo barabara.

Wajapani nao hawakuzaliwa na ujuzi huo. Mwaka wa 1918, kijana Masataka Taketsuru alisafiri hadi Uskoti, akasoma kemia mjini Glasgow na kujifunza kazi viwandani, huku akiandika daftarini aliyoyaona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliporejea, aliajiriwa na Shinjiro Torii kujenga kiwanda cha Yamazaki, kilichoanzishwa mwaka wa 1923. Mnamo 1934 alianzisha chake mwenyewe kule Yoichi.

Leo, kanuni za watengenezaji wa Japani zataka wiski yao ilazwe katika mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka 3. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya shayiri yao hutoka ng'ambo. Sisi twaiona ikistawi Mau Narok!

Basi tumekosa nini? Mwaka wa 2000, zaidi ya watu 100 waliangamia Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sheria ya 2010, iliyoasisiwa na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliruhusu chang'aa ipikwe kwa leseni na kwa viwango maalumu. Hata hivyo, wapishi wengi wangali mafichoni, bila kipimo wala mkaguzi.

Simwaliki mwanafunzi kunywa, la hasha! Sheria yamkataza aliye chini ya miaka 18. Ombi langu ni kwa walimu wa kemia: msiikwepe chang'aa darasani. Elezeni jinsi methanoli inavyopofusha na kuua. Mtoto yule hakuhitaji kukemewa. Alihitaji kuambiwa kwamba Mjapani hakumshinda mamake kwa moto wala kwa nafaka, bali kwa daftari, vipimo na subira.