Mashine Kubwa Haifanyi Mashua Kuukuu Kuwa Mpya

Mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ni mlango wa vijiji vingi vya pwani ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo mashua za mbao hupakia abiria pamoja na magunia ya unga, mabati na saruji, kuelekea Gombe, Mwamgongo na hata Kagunga iliyo mpakani na Burundi. Hapo pia ndipo dagaa na migebuka huteremshwa kwa ajili ya masoko ya mbali. Milima inayoshuka hadi ukingoni mwa maji imefanya usafiri wa nchi kavu kuwa mgumu kwa miaka mingi. Kwa wananchi wa vijiji hivyo mashua si anasa. Ndiyo basi lao, ndiyo lori lao, na mama mjamzito anapozidiwa usiku, ndiyo gari lao la wagonjwa.

Kwa sababu hiyo, mashine inayosukuma mashua haiwezi kuwa jambo la mwenye mashua peke yake. Ni jambo la kila anayepanda, na la kila anayengoja nyumbani. Ndiyo maana kishawishi kimoja kinachomkabili kila mwenye mashua kuukuu hakina budi kujadiliwa wazi: kishawishi cha kuing'oa mashine ndogo ya nguvu za farasi 15 ambayo mashua iliundiwa, na kupachika mahali pake ya nguvu za farasi 40, huku mbao, mataruma na misumari vikibaki vile vile vya zamani.

Ni rahisi kuona kishawishi hicho kinatoka wapi. Abiria hukimbilia mashua inayofika mapema. Mchuuzi wa samaki wabichi anajua kwamba jua halimsubiri mtu. Mvuvi anayekwenda mbali na ufuko usiku anataka mashine itakayomwezesha kuwakimbia waporaji wa ziwani. Zaidi ya hayo, kuunda mashua mpya kunahitaji mbao nzuri, fundi stadi, miezi ya kazi na fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, ilhali mashine inaweza kununuliwa leo na kufungwa kesho. Mwenye mashua hafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Anafanya hesabu, na kosa limo ndani ya hesabu hiyo.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba nguvu ikizidishwa mara mbili, mwendo nao utazidi mara mbili. Maji hayakubali mapatano hayo. Mashua nzito iliyojaa mizigo hulima maji. Hairuki juu yake. Ili iongeze mwendo wake kwa robo tu, huhitaji nguvu karibu maradufu. Tena kila mashua ya namna hiyo ina mwendo wake wa mwisho unaotokana na urefu wake. Ile yenye mita 10 majini hufikia kikomo hicho kwenye kilomita 14 hivi kwa saa. Ikilazimishwa kupita hapo, omo huinuka, shetri huzama, na nguvu inayoongezwa huishia kutengeneza mawimbi. Mwenye mashua huyo atakuwa amenunua kelele nyingi na mwendo kidogo.

Kosa la pili ni la mafuta. Mashine ya mipigo miwili yenye nguvu za farasi 15, ikifunguliwa yote, hunywa takriban lita 6 au 7 kwa saa. Ile ya 40 hufikia lita 17 na kuzidi. Fedha hizo za ziada hazina budi kutoka mahali fulani, nazo hutoka kwa abiria. Nauli ikishindikana kupanda, idadi ya watu ndiyo itakayopanda. Hapo ndipo hatari inapokamilika: mashine iliyonunuliwa ili kuvuta abiria inadai abiria zaidi ili ilishwe, na kila abiria anayeongezwa huusogeza ukingo wa mashua karibu zaidi na maji.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kusahau mwili wa chombo. Mashine ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa takriban kilo 40, na ile ya 40 hukaribia maradufu yake. Uzito huo wote unaning'inia kwenye ubao mmoja wa nyuma. Ubao huo pia ndio unaopokea msukumo wa rafadha na mtikisiko wake saa baada ya saa. Katika mashua iliyokwishakaa majini miaka mingi, misumari imeanza kuliwa na kutu, mbao zimelainika kwenye maungio, na kalafati imelegea. Nguvu mpya haitoi taarifa kabla ya kuipasua mashua kama hiyo. Hufungua nafasi ndogo kati ya ubao na ubao, kidogo leo na kidogo kesho, mpaka siku ya dhoruba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katikati ya ziwa lenye kina cha mita 1,470 hapana mahali pa kujengea ukuta.

Jiografia ya Kibirizi nayo inaongeza uzito wa jambo hili. Katika miezi ya kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, upepo mkali wa kusini huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, na ziwa hilo lina urefu wa kilomita 670 hivi. Mashua iendayo Kagunga inaelekea kaskazini, kwa hiyo mawimbi huijia kutoka nyuma. Shetri iliyokwishainamishwa na mashine nzito ndiyo inayowekwa mbele ya mawimbi hayo. Nahodha akipunguza moto ghafla, hata wimbi lililotengenezwa na mashua yenyewe linaweza kuifikia na kumwagikia ndani. Hivyo mashine iliyokusudiwa kuwaokoa abiria na dhoruba inaweza kuwa mlango wa kuingizia maji.

Mafundi wa magari wanaifahamu kanuni hii vizuri. Mtu anayetaka kuitoa injini ya petroli katika Land Rover ya zamani na kuweka injini kubwa zaidi ya dizeli, ataambiwa na fundi mwaminifu kwamba kazi haiishii kwenye injini. Giaboksi lazima litazamwe kama litahimili nguvu hiyo. Springi za mbele zitabeba uzito mpya. Rejeta iliyotosha jana haitatosha leo. Muhimu kuliko vyote ni breki, kwa kuwa gari likiongezewa uwezo wa kukimbia lazima liongezewe uwezo wa kusimama. Aidha, namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, kwa hiyo injini ikibadilishwa mamlaka hazina budi kujulishwa. Haya yote ni kwa chombo ambacho kikiharibika, abiria wake hushuka na kusimama kando ya barabara. Mashua haina kando ya barabara.

Wengine watasema kwamba maneno haya ni ya kuogopa maendeleo, na kwamba chombo cha zamani si lazima kibaki na mtambo wa zamani. Hilo ni kweli, na ushahidi wake umo katika ziwa hilo hilo. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya, kisha ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970, ikiwa na umri wa takriban miaka 60, iliondolewa mitambo yake ya mvuke na kufungwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ilifanyiwa tena matengenezo makubwa. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, meli hiyo kongwe ndiyo iliyotumwa kuwachukua hadi Kigoma, huku mashua ndogo zikiwatoa ufukoni na kuwafikisha melini.

Kwa hiyo hoja si kwamba chombo kizee kisiguswe. Kubadilisha injini ni kuunda upya chombo, na kazi hiyo hufanywa na wahandisi kwa vipimo. Boila zikitolewa na injini za dizeli zikaingia, uzito wa meli umehama, na usawa wake majini lazima ukokotolewe upya. Mashua ya mita 10 haina tofauti na meli ya mita 70 katika jambo hili. Tofauti ni kwamba meli ina wahandisi wa kuihesabia, na mashua mara nyingi ina spana tu.

Tena taifa limekwisha kulipa gharama kubwa kujifunza kwamba uzima wa injini si uzima wa safari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Injini zake mbili zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa mwaka huo huo. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101, nacho kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Injini haikuwa na la kusema chombo kilipoanza kulala upande.

Je, njia ni ipi? Kupiga marufuku mashine kubwa kwa neno moja la amri hakutafaa. Kutawafanya watu wafunge mashine zao usiku, na kutawaumiza wale wenye vyombo imara vinavyostahili nguvu hiyo. Linalotakiwa ni kwamba badiliko la mashine lihesabiwe kuwa badiliko la chombo. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo limekabidhiwa usalama wa vyombo vya majini, litazame mashua iliyobadilishiwa mashine kama linavyotazama mashua mpya: ubao wa nyuma, mataruma, maungio, na idadi ya watu inayoruhusiwa. Idadi hiyo ipunguzwe pale uzito wa mashine na mapipa ya mafuta ulipoongezeka. Iandikwe ubavuni mwa mashua kwa herufi kubwa, ili hata mtoto wa shule aweze kuhesabu.

Kadhalika, mafundi seremala wa mwaloni wasiachwe nyuma. Wao ndio wahandisi wa Kibirizi, ingawa hawana vyeti. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi mkoani Kigoma. Ujuzi wa kupima nguvu inayofaa kwa kila mashua, na wa kuimarisha shetri kabla ya kuongeza uzito, ungeweza kufikishwa kwao pale pale wanapochonga mbao. Nao wenye mashua wakijiunga katika vyama vya ushirika vilivyo hai, wangeweza kupata mikopo ya kuunda vyombo vipya badala ya kununua mashine peke yake. Maadamu mkopo wa mashine unapatikana kwa urahisi kuliko mkopo wa mashua, mashua kuukuu zitaendelea kuvishwa nguvu zisizozimudu.

Abiria naye ana wajibu wake. Anayeshangilia mashua inayozipita nyingine njiani, na kumcheka nahodha anayekwenda taratibu, ndiye anayemsukuma mwenye mashua dukani kununua mashine kubwa zaidi. Kabla ya kuuliza mashua ipi inawahi, inafaa aulize imeundwa lini, imekalafatiwa lini, na maboya ya kujiokolea yako wapi. Mwalo ambao abiria wake wanauliza maswali hayo utakuwa na mashua nzuri, kwa sababu mwenye chombo husikiliza sauti ya anayelipa.

Nguvu ni kitu chema, na wananchi wa pwani ya Tanganyika wana haki ya kufika haraka kama watu wengine wote wa nchi hii. Lakini nguvu hiyo haina budi kufungwa kwenye chombo kinachoiweza. Atakayeweka mashine ya farasi 40 na aanze na mbao, kisha misumari, kisha hesabu ya watu. Mashine iwe ya mwisho.