Wati za Boksini

Mpenzi wa taarabu akaaye Rau, chini ya Kilimanjaro, huteremka Moshi mjini kununua amplifaya, naye akauziwa tarakimu. Boksi limepigwa chapa wati 3000 za PMPO. Nyuma ya chombo, penye waya wa umeme, huenda pameandikwa kwa herufi ndogo kuwa kinatumia wati 60. Kitatoaje kisichokula? Hata wati za kweli zikizidishwa mara mbili, huongeza desibeli 3 tu.

Vipimo vya haki havidharauliwi, lakini havijui shairi. Mnunuzi na achukue sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, aisikilize katika amplifaya mbili, sauti zikilinganishwa, maana iliyo juu kidogo hulaghai sikio. Kisha aulize: kina cha kati kinasikika, au kimemezwa na besi? Herufi zatamkwa, ama zavuma? Wauzaji hufungulia besi mpaka vioo vitetemeke, na mshairi hazikwi ila hapo.

Muuzaji akikataa kuviwasha vyote viwili, mnunuzi na apande daladala, arudi Rau na fedha zake.