Kiwanja cha nje ya mji si uamuzi wa baba na dalali peke yao

Katika familia nyingi za Dar es Salaam, safari ya kuwa na kwao huanza Jumamosi mchana. Dalali anapiga simu: kuna kiwanja Chanika, au kuna nyumba Madale imesimama hadi kwenye lenta, mwenyewe ana shida ya fedha na mteja mwingine anakuja kesho. Baba anapanda bodaboda, anafika, anapenda upepo na utulivu, anatoa kianzio. Jioni anarudi na habari njema kwamba kodi ya pango sasa basi.

Mama anashangilia, na ana haki ya kushangilia. Aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati ada na sare za shule navyo vinasubiri, anajua maana ya kutokuwa na mwenye nyumba. Maswali huja baadaye, familia ikishahamia. Maji yanatoka wapi? Mtoto atafikaje shule? Karatasi imeandikwa jina la nani?

Kununua nje ya mji si kosa. Kwa mwenye kipato cha kawaida, Chamazi, Kibamba, Goba ya ndani au Kigamboni ya mbali ndiko fedha yake inakotosha, na ndiko watoto wanakopata mahali pa kucheza. Tatizo ni kwamba watu watakaoishi saa nyingi zaidi katika nyumba hiyo, yaani mama na watoto, mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayeijua ndani ya nyumba ni yule anayeamka humo alfajiri kuchota maji na kuandaa watoto.

Saa za mtoto ni sehemu ya bei

Wazazi wengi hupiga hesabu ya kiwanja, matofali na mabati, wakasahau hesabu ya barabara. Wakihama huku mtoto akibaki katika shule yake ya zamani mjini, safari ya saa mbili kwenda na saa mbili kurudi inakuwa saa 20 kwa wiki ya siku tano. Huo ni muda wa kulala, wa kusoma na wa kukaa na wazazi. Mtoto anayeamka saa kumi alfajiri husinzia darasani, na mwalimu anaweza kumwita mvivu. Bado hapo hajakutana na kondakta anayemzuia mlangoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini nafuu hiyo humezwa haraka ikiwa shule ya karibu haifikiki kwa miguu. Kwa hiyo, kabla ya kianzio, mzazi atembee kwa miguu kutoka kwenye kiwanja hadi shule iliyo karibu. Aangalie kama njia inavuka barabara kuu au mto, na kama ina vichaka ambavyo asingependa binti yake avipite gizani.

Hesabu ya wakubwa nayo ipigwe. Kwa mfano, bodaboda kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani ikiwa Sh1,000, wazazi wawili wanaokwenda kazini siku 22 kwa mwezi, kwenda na kurudi, watalipa Sh88,000. Hiyo ni kabla ya nauli ya daladala yenyewe. Kiwanja kilichoonekana rahisi kinaweza kuwa kinalipiwa kila siku kidogo kidogo bila mtu kuandika popote.

Dawa ni moja: familia iende kukiona kiwanja siku ya kazi, alfajiri, kisha ijaribu kusafiri kwenda mjini kama itakavyokuwa ikisafiri. Jumamosi mchana kila mahali ni karibu.

Mvua ndiye shahidi wa kweli

Kiwanja kinachouzwa kiangazi kikaonwe pia masika, au angalau majirani waulizwe maji hufika wapi. Mwanamke anayeuza vitumbua barabarani atasema ukweli ambao dalali hatausema, kwa sababu hana kamisheni. Aulizwe pia dumu la maji ni bei gani, kisima kina maji ya chumvi au baridi, na mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku gari linafika mlangoni au linaishia njiani.

Bonde lina historia mbaya katika jiji hili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliharibu nyumba za watu wa Bonde la Msimbazi, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi na shule walizozizoea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayeuziwa ndani ya mita hizo ananunua hofu, hata kama bei ni ya kutupa.

Hifadhi ya barabara ni mtego mwingine. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara. Baadhi zilikuwa nyumba za miaka mingi, zenye wajukuu ndani. Swali la umbali kutoka barabarani liulizwe kabla ya ukuta kusimama, na liulizwe ofisi ya ardhi ya halmashauri badala ya muuzaji.

Karatasi ina jina la nani?

Hapa ndipo familia nyingi huona haya. Mke akiuliza jina lake liko wapi, anaonekana kama anayesubiri talaka au kifo. Lakini mali bila daftari huisha bila habari, na watoto ndio wanaobaki wakiangalia baba wadogo na shangazi wakigombana uani.

Sheria iko upande wa familia kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inalinda haki ya mwanandoa katika ardhi ya familia iliyopatikana kwa matumizi ya wote wawili. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilikwishatambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama aliyepika na kulea wakati baba ananunua matofali naye alijenga.

Hata hivyo, kudai haki hiyo mahakamani huchukua muda, fedha na machozi. Kuandika majina mawili kwenye mkataba wa mauziano huchukua dakika moja. Mke mwenye busara halazimiki kugomba. Anaweza kusema, “Baba watoto, hata kazini kwako uliandika warithi. Na hapa tuandikane wote, watoto wasije wakasumbuliwa.” Mume anayependa watoto wake hana sababu ya kukataa neno hilo.

Mama anayelea peke yake naye ajihadhari. Wapo wanaoandikisha kiwanja kwa jina la kaka au mjomba kwa kudhani muuzaji atamheshimu mwanamume zaidi. Fedha ikiwa yake, jina liwe lake.

Na kabla ya jina la mnunuzi, lichunguzwe jina la muuzaji. Kama kiwanja kina hati, upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati kujua mmiliki ni nani na kama kuna rehani. Kama hakina, kama ilivyo kwa maeneo mengi ya pembezoni, mnunuzi afike serikali ya mtaa, aonane na majirani wa pande zote zinazopakana, na wakili aandike mkataba. Mwenye kiwanja akiwa ni marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mtoto mkubwa mwenye funguo mkononi si msimamizi. Na kama muuzaji ameoa au ameolewa, mwenzake asaini pia. Ridhaa ambayo mke wa mnunuzi anaitaka kwake, na mke wa muuzaji anastahili kuipata.

Jirani hauzwi na dalali

Mtaa mdogo wa pembezoni una faida ambayo haiandikwi kwenye mkataba. Mtoto akianguka, kuna bibi wa jirani atakayemwosha kidonda. Umeme ukikatika, watu wanajuana kwa sauti. Lakini ujirani huo haupatikani kwa kujenga ukuta mrefu siku ya kwanza. Familia inayohamia ikajitambulishe kwa mjumbe, ihudhurie msiba wa kwanza utakaotokea, ichangie kurekebisha barabara ya mtaa, na iwaache watoto wacheze na wenzao.

Kiwanja kizuri bado kitakuwepo wiki ijayo, na kama hakitakuwepo, kingine kitapatikana. Fedha ya kianzio iliyokusanywa kwa miaka ya vikoba na mishahara iliyobanwa ndiyo isiyopatikana tena kirahisi. Kwa hiyo simu ya dalali ikija, jibu la baba liwe fupi: “Nitakuja Jumatatu alfajiri, na mama watoto na wanangu.”