Mtoto Aanzapo Kutambaa, Mama Asiachwe Nyuma

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii tumezoea kuifundisha darasani kama pambo la insha, ilhali hapa Oyugis na viungani mwake ni habari ya kila siku. Nataka leo kuzungumzia kipindi kifupi cha malezi ambacho sisi walimu hatukitii maanani, nacho ni kile cha mtoto kuanza kutambaa.

Mtoto wa miezi mitatu ukimlaza mkekani utamkuta papo hapo. Hata nyanya mwenye magoti mabovu aweza kumlea huku akichambua maharagwe. Lakini siku mtoto atakapojiinua kwa mikono na magoti, mambo hubadilika. Hukifuata kila akionacho: kaa la moto jikoni, kisu, beseni la maji, kibatari. Aliyesema mtoto akililia wembe mpe, hakumkusudia huyu. Huyu ahitaji jicho lisilosinzia na miguu iwezayo kumkimbilia.

Je, jicho hilo na miguu hiyo ni ya nani? Aghalabu ni ya msichana aliyepaswa kuwa darasani. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Kaunti ya Homa Bay walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 15. Tangu 1994 sera ya elimu imewaruhusu wasichana hawa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kuwapokea. Hayo ni mema. Hata hivyo, lango la shule limefunguliwa bila kuulizwa mtoto ameachwa na nani. Msichana hurudi, huvaa sare na kuanza kushika masomo. Kisha nyanya hutuma habari kwamba mtoto sasa anatambaa naye hamuwezi tena. Dawati hubaki tupu, nasi katika daftari la mahudhurio huandika kwamba ni mtoro.

Wapo wadhanio kuwa dawa ni kumzuia mtoto. Hufungwa mgongoni kutwa, hutiwa ndani ya katoni sokoni, au kwa mwenye pesa huwekwa katika kigari cha magurudumu. Vigari hivyo Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya ajali alizozipata watoto. Zaidi ya hayo, kumzuia mtoto siku nzima ni kumfungia shule yake ya kwanza. Kwa kutambaa hupima umbali, hukiendea akitakacho, na hujifunza kurejea kwa amwaminiye.

Tuna ushahidi wa karibu. Mwaka 1976 mtaalamu Charles Super alichapisha uchunguzi wake wa watoto wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis humu humu Kenya. Aliona kwamba walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa kuwa wazazi wao waliwafunza makusudi mambo hayo. Kutambaa hawakufunzwa, na katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao. Mtoto, basi, huenda mbele pale anapopewa nafasi. Wala asiharakishwe: vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vyaonyesha kuwa watoto wazima wa afya huanza kutambaa popote kati ya miezi 5 na 13, na wachache hawatambai kabisa bali husimama na kwenda zao.

Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba kuwatunza watoto karibu na shule ni kuwahimiza wasichana wazae. Nauliza, mtoto aliyekwisha kuzaliwa atarudi tumboni kwa kumkatiza mama yake masomo? Adhabu hiyo huwaangukia wawili, na mmoja wao hajajua hata kusimama.

Ninachopendekeza si kikubwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kutunzia watoto. Chekechea tunaziona, vituo hivyo viko wapi? Chumba kimoja chenye sakafu safi, mbali na moto na maji, pamoja na mlezi anayelipwa, kikiwekwa karibu na shule za upili na kingine karibu na soko la Oyugis, kitawarudisha wengi darasani. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa serikali nao ni mkono.

Walimu wenzangu, kabla ya kuandika neno mtoro, tuulize kwanza nyumbani kuna nini. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anayechelewa kwa kuwa amempeleka mwanawe kwa jirani. Mchukulieni maandishi ya somo lililompita. Mtoto atajifunza kutambaa bila kufundishwa na yeyote. Tusikubali hatua zake za kwanza ziwe mwisho wa safari ya mama yake.