Askari wa mkono wa kushoto apimwe mkono kabla ya kupewa bastola

MAONI. KABIMBA, Kalemie – Duniani, karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto. Basi hata kati ya polisi na wanajeshi wanaolinda bandari, soko na barieri za jimbo la Tanganyika, wamo wa mkono wa kushoto. Lakini silaha nyingi zinazozunguka katika nchi hii zilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Anayeshika kwa kushoto hupewa ileile anayopewa mwenzake, kisha anaambiwa ajitafutie namna.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo mbele ya njaa, mishahara inayochelewa na vita. Kwa familia za wakimbizi wa ndani, si dogo hata kidogo. Hao ndio wanaopita barieri mara nyingi kuliko wengine, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Hao ndio wanaopanga mstari siku ya kugawiwa chakula, askari akisimama hatua mbili tu kutoka kwao. Bastola inayomsumbua askari mkononi inaweza kumjeruhi aliye karibu kabla haijamfikia mwizi yeyote.

Bastola inajua mkono gani?

Bastola nyingi zinazojipakia zenyewe zina vidude vitatu ambavyo askari lazima avifikie bila kuangalia. Cha kwanza ni cha usalama, kinachozuia risasi isitoke. Cha pili ni kitufe cha kuachia magazini. Cha tatu ni kile kinachoshikilia sehemu ya juu ikiwa nyuma, risasi zinapokwisha.

Katika bastola nyingi za zamani, vyote vitatu vimewekwa upande wa kushoto wa silaha. Sababu ni rahisi: mtu wa mkono wa kulia anaposhika mpini, dole gumba lake linaangukia upande huo. Mtu wa kushoto akishika, dole gumba lake liko upande wa kulia, mahali ambapo hakuna kitu cha kubonyeza.

Si kila kitu kinamshinda. Kitufe cha magazini anaweza kukibonyeza kwa kidole cha shahada au cha kati, na wapo wanaofanya hivyo haraka kuliko wa mkono wa kulia. Shida kubwa ni kidude cha usalama. Mchana, mikono yote miwili ikiwa huru, ataufikisha mkono wa pili. Usiku kwenye barieri isiyo na umeme, mkono wa kulia umeshika tochi. Gari limekaguliwa, watu wameonekana ni raia, sasa askari anatakiwa kurudisha usalama na kuweka bastola mahali pake. Ili afanye hivyo lazima aweke tochi chini, au aikunje mikono yake kwa namna ya ajabu gizani. Mwenye haraka au uchovu ataiacha bastola wazi. Kuanzia hapo, kujikwaa kidogo tu kunatosha.

Aina zinazojulikana, na zile zinazofaa

Historia ya Kongo imeleta bastola za kila upande. Ubelgiji ilileta Browning GP35, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN huko Herstal kuanzia mwaka 1935, na ilitumiwa na Force Publique wakati wa ukoloni. Ni bastola imara ya risasi 13. Lakini GP35 za zamani zina kidude cha usalama upande wa kushoto tu. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo FN ilianza kuweka kidude hicho pande zote mbili. Kwa hiyo hata majina yakiwa sawa, mtu wa kushoto anatakiwa kuigeuza silaha na kuangalia upande wa kulia kabla ya kukubali.

Kutoka upande wa Wasovieti ilikuja Makarov. Magazini yake huachiliwa kwa kidude kilicho chini ya mpini, na hicho hakibagui mkono. Usalama wake lakini uko upande wa kushoto. Tokarev na ndugu yake wa Kichina, Type 54, kwa asili hazina kidude cha usalama cha kidole. Mtu anaweza kudhani kwamba hiyo ni nafuu kwa wa kushoto. Kwa kweli ni hatari kwa wote: silaha ya namna hiyo ikitembezwa na risasi ndani ya mtutu, inaweza kulia ikianguka.

Bastola za siku hizi zimelitatua jambo hili zamani. Beretta 92FS ya Italia ina kidude cha usalama pande zote mbili, na kitufe cha magazini kinaweza kuhamishwa. Heckler & Koch USP ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1993, inaachia magazini kwa kidude kinachobonyezwa kutoka upande wowote. Glock ya Austria haina usalama wa dole gumba. Kizuizi chake kimo kwenye kifyatulio chenyewe, hivyo inadai nidhamu kubwa ya kidole. Toleo lake la nne, la mwaka 2010, linaruhusu kitufe cha magazini kuhamishwa, na toleo la tano, la mwaka 2017, limeweka cha sehemu ya juu pande zote mbili.

Mambo hayo yanahusu ununuzi wa serikali. Mwezi Desemba 2022, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliondoa sharti la nchi zinazouza silaha kuliarifu kwanza kabla ya kuipelekea serikali ya Kongo. Tangu hapo Kinshasa ina uhuru zaidi wa kuagiza. Anayeandika oda anaweza kuongeza mstari mmoja: bastola za polisi ziwe za mikono yote miwili. Sharti hilo halihitaji silaha ya kifahari, kwa sababu viwanda vikubwa vinazitengeneza hizo tayari.

Ala nayo ina mkono wake

Kuna jambo linalosahaulika hata pale bastola inapokuwa nzuri: ala, yaani kile kifuko cha kiunoni. Ala ya kulia inafaa nyonga ya kulia. Askari wa kushoto akiivaa upande wake, mpini unaelekea mbele, naye analazimika kupinda kiganja ili auchomoe. Wakati huo mdomo wa bastola unapita kwenye mwili wake na kwa watu waliosimama karibu. Akiiacha upande wa kulia, atachomoa kwa mkono dhaifu kisha ahamishie mkono wenye nguvu, na ni katika kuhamisha huko ndipo vidole hukosea.

Hapa hakuna haja ya kusubiri oda kutoka Ulaya. Fundi viatu mzuri wa Kalemie, akipewa kipimo na ngozi ngumu, anaweza kushona ala ya kushoto. Masharti ni mawili: ifunike kifyatulio chote, na imshike bastola hata mtu akikimbia.

Aibu ya mkono wa kushoto

Kwa nini makomanda hawajui askari wao yupi ni wa kushoto? Kwa sababu wengi wamejifunza kuficha. Katika nyumba nyingi, mtoto anayempa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto huambiwa hana adabu. Anayekula kwa kushoto hupigwa kiganja. Kiswahili chenyewe kiliuita wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike, kana kwamba mmoja ni mwenye nyumba na mwingine ni mgeni.

Adabu ya mezani ni mali ya wazazi, na hakuna haja ya kuigombania hapa. Lakini mtoto aliyefundishwa kuona aibu akiwa na miaka mitano anaweza kufika kambini akiwa na miaka ishirini bila kusema neno. Atashika kwa kulia kwa kuwa mkufunzi ameshika kwa kulia. Atapiga shabaha vibaya, ataitwa mvivu, kisha atatumwa barabarani na silaha ambayo mkono wake hauielewi.

Kumpima ni kazi ya dakika chache. Arushiwe jiwe dogo, ionekane anadaka kwa mkono gani. Apewe nyundo, apigilie msumari. Jicho nalo lipimwe, maana wapo wanaoandika kwa kulia lakini jicho linaloongoza ni la kushoto. Anyoshe mikono mbele, aache tundu dogo kati ya viganja viwili, aangalie kupitia hapo mti ulio mbali huku macho yote yakiwa wazi. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linalobaki na mti ndilo linaloongoza. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi yake, kama inavyoandikwa namba ya viatu.

Sheria inasema nini

Mwaka 1990, huko Havana nchini Cuba, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za msingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto kwa walinda sheria. Kanuni hizo zinataka anayebeba bunduki au bastola aruhusiwe tu baada ya kumaliza mafunzo maalum ya silaha hiyo. Zinataka pia silaha zitumike kwa namna inayopunguza madhara yasiyo ya lazima. Askari wa kushoto aliyefundishwa kwa mkono ambao si wake hawezi kuhesabiwa kuwa amemaliza mafunzo hayo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Tanganyika. Vita kati ya Batwa na Baluba vya mwaka 2016 na 2017 viliwafukuza watu kwa mamia ya maelfu, wengine wakafika Kalemie na kukaa katika kambi kama Katanika. Mwezi Juni 2022 MONUSCO ilifunga kituo chake katika jimbo hili. Tangu wakati huo, mzigo wa kulinda raia uko kwa polisi na jeshi la nchi. Raia anayeombwa kuwaamini ana haki ya kutaka kujua kama wameandaliwa.

"Hakuna pesa"

Pingamizi kubwa ni pesa. Askari ambaye mshahara wake umechelewa atafikiriaje ala ya ngozi? Risasi za mazoezi zenyewe ni chache. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini mengi yanayodaiwa hapa hayana bei. Kuuliza mkono ni bure. Kuandika jibu ni bure. Kuwapanga askari wa kushoto wafanye mazoezi bila risasi, wakijifunza kuchomoa, kurudisha usalama kwa tochi mkononi na kubadilisha magazini, kunahitaji mkufunzi mvumilivu na saa moja kwa wiki. Ghalani zikiwepo bastola za aina mbili, ile ifaayo pande zote apewe yeye kwanza. Ikikosekana, zamu ya usiku kwenye barieri apewe mwenzake.

Wapo pia wanaosema askari alazimishwe kulia, atazoea. Kuzoea kupo, katika utulivu wa uwanja wa mazoezi. Lakini kelele zikipanda na watu wakianza kukimbia, mtu hurudi kwenye mkono aliozaliwa nao. Ni afadhali mkono huo uwe ndio uliofundishwa.

Raia asichukue hii kama ruhusa

Kuna vijana, na hata baba wa familia waliokimbia makwao, wanaoulizia bastola kwa siri ili kulinda hema au mtumbwi. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi haimruhusu raia kumiliki silaha ya moto bila kibali cha mamlaka. Anayekamatwa nayo ataeleza mbele ya wakubwa wa sheria, na kwenye barieri anaweza kudhaniwa kuwa mtu wa kundi lenye silaha.

Zaidi ya sheria kuna hema lenyewe. Hakuna kabati la kufunga kwa ufunguo. Watoto hulala palepale, na mtoto atakayeipata hataangalia kidude cha usalama kiko upande gani. Ikiwa askari aliyefundishwa anaweza kusumbuliwa na silaha isiyo ya mkono wake, baba ambaye hajawahi kupiga hata risasi moja atafanya nini gizani? Familia iliyo na hofu imfikie shefu wa kartie, kamati ya kambi au mashirika ya raia, nao wadai doria. Wakati wa kuidai, waulize pia wale wanaotumwa wamefundishwaje.

Wanaotakiwa kuanza ni makomanda wa polisi na wa jeshi hapa Kalemie. Waite majina ya askari wao wiki hii, wawaulize mkono wanaotumia, na wasimcheke atakayenyosha wa kushoto.