Hadubini Kuukuu Si Takataka

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, nami leo sifichi. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilichora seli ya kitunguu, nikaonyesha ukuta wake na kiini chake, nikapata alama 8 kwa 10. Seli yenyewe sikuiona! Tulikuwa wanafunzi 15 tukigombania hadubini moja, na zamu yangu ilipofika kengele ikalia. Basi nikafungua kitabu na kunakili picha. Msinicheke, jamani. Kwani ninyi hamkufanya vivyo hivyo?

Simlaumu mwalimu hata kidogo. Angefanyaje na chombo kimoja? Lakini tuambiane ukweli: anayenakili picha hajajifunza sayansi, amejifunza kuchora. Robert Hooke alipotoa kitabu chake mwaka wa 1665, alichora vyumba vidogo vya gamba la mti alivyoviona kwa jicho lake, akaviita seli. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi alikuwa muuza vitambaa tu. Alijisugulia lenzi mwenyewe, na katika miaka ya 1670 akaona vijidudu ndani ya tone la maji. Vyombo vyao havingefua dafu mbele ya hadubini ya shule iliyoundwa mwaka wa 1970. Leo hii ya 1970 twaiita takataka!

Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tuliomba ruhusa kwa fundi wa maabara tuitazame hadubini moja iliyokuwa imelala kabatini, imeandikwa "mbovu". Ugonjwa wake ulikuwa nini? Gurudumu la kuipandisha na kuishusha lilikataa kuzunguka, kwa sababu grisi ya zamani ilikuwa imekauka na kugeuka kama gundi. Hatukulilazimisha kwa koleo. Tulilainisha grisi kwa mafuta ya taa kidogo, tukiyaweka mbali na lenzi, tukapangusa, tukapaka grisi mpya. Vumbi la lenzi tulilipuliza kwanza kwa kipira cha hewa, ndipo tukapangusa polepole kwa pamba safi. Ukianza kusugua kwa shati, chembe za vumbi zitaikwaruza. Alasiri ile niliona seli ya kitunguu kwa mara ya kwanza. Nilikaa nikiitazama mpaka wenzangu wakanivuta sikio!

Hoja yangu basi ni hii. Shule zisikae tu kungojea hadubini mpya. Zitengeneze zile za kabatini, kisha zinunue nyingine kuukuu vyuo na hospitali zinapouza vyombo vyao vya zamani, nasi wanafunzi tufundishwe kuzifufua.

Najua wako watakaosema ni aibu kununua mtumba. Aibu gani? Nguo ngapi tunazovaa likizoni ni mitumba? Na magari mengi barabarani, je, hayakutumika Japani kwanza?

Wengine watasema tutauziwa mbuzi kwenye gunia. Hofu hiyo ina haki yake, ndiyo maana ni lazima tukague kabla ya kutoa pesa. Chungulia, kisha zungusha lenzi ya juu unayowekea jicho. Doa likizunguka nayo, uchafu umo humo humo, na pengine utapanguswa. Lisipozunguka, kagua zile lenzi ndogo za chini. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, maradhi ya mahali penye unyevu kama Pwani. Ukungu ukishakula kioo, achana nayo; la kuvunda halina ubani. Lakini bomba likiteremka lenyewe, usiogope, maana mara nyingi ni kukaza tu.

Na lenzi ya chini ikikosekana? Hapa tuwashukuru Waingereza wa chama cha hadubini cha London, waliokubaliana mwaka wa 1858 juu ya kipimo kimoja cha skrubu za lenzi. Viwanda vingi vilifuata kipimo hicho, na ndiyo sababu lenzi ya kiwanda kimoja mara nyingi huingia kwenye hadubini ya kiwanda kingine. Isitoshe, nyingi za zamani hutumia kioo cha kuakisi mwanga wa dirishani. Stima ikipotea, somo linaendelea! Ila kioo kisielekezwe juani moja kwa moja, kwani jua litaharibu macho.

Kuna pingamizi la mwisho, kwamba wanafunzi wataziharibu. Wataziharibu wakiachiwa peke yao. Fundi wa maabara asimamie, na pawe na sheria moja: lenzi isifunguliwe ndani na mwanafunzi yeyote. Kazi ikiisha, chombo kifunikwe na kiwekwe mahali pakavu. Nani atakichezea chombo alichokifufua kwa mikono yake?

Walimu wetu wapenzi, fungueni makabati hayo. Nasi wanafunzi tuache kulalamika ati shule haina kitu, tukunje mikono ya mashati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sitaki mdogo wangu atakayekuja hapa apewe alama 8 kwa seli ambayo hakuiona.